Hita ya Wati Elfu Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Nimewashinda wenye nyumba wanne maishani mwangu, kwa barua, kwa hoja, na mmoja wao mbele ya hakimu. Kila nikishinda, nimefungasha. Ndiyo maana tangu mwaka juzi nakaa kwenye gari-nyumba: kuta za bati nje na ubao ndani, kitanda mbele, kitanda nyuma, meza ya kukunja katikati, magurudumu chini. Nyumba isiyo na mwenye nyumba. Limeegeshwa kwenye uwanja pamoja na mengine kumi na moja, kila moja limeunganishwa kwa waya na nguzo ya umeme, kama mbuzi waliofungwa kambani.

Leo Mama amehamia kwangu. Hospitali ya kifua iko ng'ambo ya barabara. Daktari wake, mwanamke mwenye sauti ya chini, amenieleza mbele yake bila kuzunguka: "Dawa atakunywa. Lakini mapafu haya hayawezi tena kupambana na baridi. Ikimpiga tena msimu huu, siahidi kitu."

Msimu ndiyo kwanza unaanza. Asubuhi hii dirisha lilikuwa linatokwa jasho upande wa ndani.

Mkaa sitaki kuusikia humu. Hewa yake inaua bila kubisha hodi. Kwa hiyo hita ya umeme. Naanza kusoma.

Jumanne, 3 Juni

Nimebeba vijitabu vyote vya duka la vifaa vya umeme na kuvisoma kama ninavyosoma hotuba za mawaziri, nikitafuta mahali uongo ulipojificha. Hita ni za aina tatu. Ipo ya nyuzi nyekundu: inachoma magoti, inaacha mgongo ukiganda, na blanketi likiigusa, kwaheri. Ipo ya mafuta, yenye mbavu kama ng'ombe wa kiangazi: haina kelele, inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, na kwa gari kama langu wanapendekeza ndogo ya wati mia saba. Halafu ipo ya feni, wati elfu mbili: inajaza chumba joto kabla hujamaliza kuvua viatu, na ikipigwa teke ikaanguka, inajizima yenyewe.

Mbavu au feni. Mama anasema yoyote tu, mwanangu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwita fundi wa umeme wa uwanja huu, mtu anayetoa maneno kama anatoa pesa mfukoni mwake. Alifungua kifuniko cha soketi iliyo karibu na mto wa Mama, akamulika na tochi, akafunga.

"Mwalimu," akasema, maana hapa ndivyo wote wanavyoniita, "chukua ile ya mafuta. Ndogo."

"Kwa nini ndogo?"

"Waya wa humu ndani uliwekwa kwa ajili ya taa na redio."

"Soketi imeandikwa ampea kumi na tatu. Wati elfu mbili hazifiki hata tisa. Nimepiga hesabu."

"Soketi imeandikwa," akasema. "Waya haujaandikwa."

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea, maana hapa sauti yangu ndiyo redio ya wengi. Nikamwambia Fundi kwamba maisha yangu yote nimepigana na sentensi moja tu: ndogo inatosha. Zahanati ndogo inatosha. Daraja dogo linatosha, mpaka mto ujae. Darasa la watoto mia, dawati moja la nyongeza linatosha. Na anayesema inatosha siku zote ni yule ambaye yeye mwenyewe haitumii. Leo wamefika kwenye mapafu ya mama yangu: joto dogo linamtosha. Nikasema halimtoshi. Mwanamume mmoja alipiga makofi. Mwingine akamwambia Fundi, "Hapo umepatikana, bwana."

Fundi alifunga mkoba wake. "Mimi nimeshasema."

"Umesema, hujathibitisha."

"Haya, Mwalimu. Ukibadili mawazo nitakuwekea soketi ya peke yake, na waya mnene kutoka nguzoni."

Akaondoka. Nimeandika haya nikiwa na furaha ambayo mtu wa miaka hamsini na minne hapaswi kuionea haya.

Ijumaa, 6 Juni

Nimenunua ya feni. Mama aliitazama ikivuma sakafuni. "Hii haitatuzidi, mwanangu? Fundi alisema ndogo." Nikamweleza kuhusu ampea, kuhusu ukubwa wa chumba, kuhusu tabia ya mafundi kumtisha mteja ili wapate kazi ya pili. Nilieleza vizuri. Akasema, "Haya."

Baada ya dakika kumi alivua shali. Sijamwona bila shali tangu mwaka jana.

Jumapili, 8 Juni

Joto. Mama amepiga miayo kama paka.

Jumatano, 11 Juni

Jirani yetu wa kulia ni mshonaji. Anakaa kwenye gari-nyumba jeupe, na chini ya turubai lake anashona vitambaa vya viti vya magari. Wateja wanaegesha ubavuni mwetu na yeye anawapima viti kwa futi ya kamba shingoni. Mimi nikiwa gazetini asubuhi kuandika makala zangu, yeye ndiye anayemtupia Mama jicho. Ananiita kaka, na mimi sina malalamiko.

Leo amekaanga samaki. Harufu yote imeingia dirishani kwetu. Nikamwambia, "Dada, umetufanya tule kwa pua." Akacheka, akamletea Mama kipande kwenye sahani.

Jumamosi, 14 Juni

Samaki tena, lakini safari hii bila sahani.

Hita inapowaka taa inafifia kidogo, kama mtu anayepepesa macho.

Jumatatu, 16 Juni

Harufu ya samaki tangu niliporudi kutoka gazetini, na si samaki wa leo. Nimemwuliza Mshonaji.

"Samaki, kaka? Mimi leo nimekula maharage."

"Na jana?"

"Jana sikuwasha hata jiko. Labda una njaa wewe."

Amecheka peke yake. Mtu asiye na hatia hajibu haraka hivyo.

Jumanne, 17 Juni

Baridi ya kung'ata mifupa. Hita siku nzima. Samaki siku nzima. Plagi nimeigusa, ina joto kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Kila kinachofanya kazi hupata joto, hata mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Mama: "Ukuta huu una joto, upande wa mto wangu."

Mimi: "Ndiyo kazi ya hita, Mama. Ungekuwa baridi ndipo tungelalamika."

Mama: "Haya."

Niliporudi kutoka gazetini hita ilikuwa imezimwa. Mama alisema imejizima. Kitabu kinasema inaweza kujizima. Nimeridhika na ubora wake. Kwenye sweta lake kulikuwa na vipande vya nyuzi, vyekundu na vya buluu.

Jumapili, 22 Juni

Sasa ni wiki nzima. Kifuniko cha soketi kimekuwa cha manjano kama kidole cha mvuta sigara, nadhani ni kwa ajili ya mafuta ya kukaangia yanayopaa hewani na kuganda kwenye vitu vyeupe. Harufu hii ina namna yake. Inakuja mchana, inazidi jioni, inakaa kooni. Nimemwambia Mama kwamba mgonjwa wa mapafu hawezi kuvutishwa moshi wa mafuta ya mtu mwingine kila siku ya Mungu.

Mama akasema, "Lakini harufu haiji kutoka dirishani."

Nikachukua karatasi nikamchorea: hewa nzito inashuka kutoka kwa Mshonaji, inapita chini ya magari, inapanda kwenye matundu ya sakafu yetu. Mishale mitatu. Alitazama mchoro muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Umeshinda."

Mchana nimeandika notisi na kuibandika kwenye ubao ulio karibu na bomba la maji. Ina kichwa: *Hewa ni ya Nani?* Sikumtaja mtu. Nimeandika tu kwamba wako wanaodhani kuta za bati zinawapa ruhusa ya kukaa katika pua za wenzao, na kwamba uwanja unaovumilia uchafu wa mmoja kesho utavumilia uchafu wa wote. Ni aya tano. Aya ya nne ni nzuri sana.

Jumatatu, 23 Juni

Chini ya notisi yangu mtu ameandika kwa penseli: *Nusa kwako kwanza.*

Huo ndio mwandiko unaoandika vipimo vya viti. Kumbe unajua kutukana pia.

Jumanne, 24 Juni

Watu watano wamenisimamisha bombani kuniambia kwamba hata wao wanaisikia harufu. Mmoja anakaa mwisho kabisa wa uwanja, upande upepo unakotokea. Nimemshukuru.

Ijumaa, 27 Juni

Mshonaji hasemi tena kaka. Leo alisema, "Mwalimu, shikamoo," kwa sauti ya kumsalimia polisi.

Soketi ililia, tss, kama tone la maji kwenye sufuria ya moto. Nikachomoa plagi, nikachomeka tena kwa nguvu, ikanyamaza.

Jumapili, 29 Juni

Leo saa tatu asubuhi msimamizi wa uwanja aliita mkutano. Viti vya plastiki, jua lisilo na joto, pumzi zikitoka midomoni kama mvuke wa mabirika. Mama alibaki ndani. Ajenda ilikuwa moja.

Msimamizi ni mtu asiyependa ugomvi, ndiyo maana uwanja wake umejaa ugomvi. Alisema, "Jamani, tuzungumze kama watu wazima. Mwalimu, anza."

Nilisimama. Sikumtukana Mshonaji. Nilizungumza juu ya Mama yangu: jinsi anavyohesabu ngazi, jinsi anavyokatisha sentensi katikati kutafuta pumzi, jinsi daktari alivyosema haahidi kitu. Nikauliza kama uwanja wa magari kumi na mawili unaweza kukubali pafu la mzee mmoja liwe bomba la kutolea moshi wa jikoni kwa jirani. Wanawake wawili walitikisa vichwa. Nilijua nimewapata, mtu hulijua jambo hilo kwenye nyayo.

Mshonaji alisimama na futi yake shingoni.

"Mimi sina maneno," akasema. "Sijapika samaki tangu siku ile niliyompelekea Bibi sahani. Njooni sasa hivi mnuse sufuria zangu. Mnuse na mapazia."

Niliona watu wawili wakianza kuinuka. Nikasema, bila kupandisha sauti, "Anayetualika kunusa sufuria ameshaziosha."

Wakacheka wote. Waliokuwa wanainuka wakakaa. Hakuna aliyekwenda kunusa.

"Na ulimwuliza Bibi?" Mshonaji alisema, akinitazama mimi tu. "Mama yako umemwuliza anasemaje?"

"Mama yangu ni mgonjwa. Usimwingize."

Alitazama gari letu, alimokuwa Mama, kisha akakaa. Mikono ikahesabiwa: tisa kwa mbili. Ahamishie gari lake mwisho wa chini wa uwanja, karibu na mtaro, ambako gari la mteja haliwezi kufika bila kukwama kwenye tope.

Watu walinipa mkono. Niliporudi Mama alikuwa amekaa kitandani na koti.

"Imekuwaje?"

"Anahama kesho."

Mama alitazama dirisha la upande wa lile gari jeupe. Safari hii hakusema, "Haya."

Jumatatu, 30 Juni

Amehama. Limebaki pembenne la majani ya njano na kipande cha chaki ya kuchorea vitambaa.

Jumanne, 1 Julai

Harufu bado ipo.

Jumatano, 2 Julai

Lazima imeshika kwenye mapazia. Nimeyafua.

Alhamisi, 3 Julai

Na mablanketi. Nimefua kila kitu kinachofulika. Vidole vimeganda. Ndani, harufu.

Ijumaa, 4 Julai

Mama anakohoa kikohozi kipya, kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe. Nimeiweka hita mpaka mwisho kabla ya kutoka. Niliporudi ilikuwa imejizima tena. Mikono yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaiwasha, taa ikafifia na haikurudi sawasawa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimeanza kumtazama jirani wa kushoto. Anapika nini yule?

Jumatatu, 7 Julai

Leo sikuenda gazetini. Saa mbili asubuhi Mama alishindwa kumaliza jina langu. Nilimbeba mgongoni kuvuka barabara, magari yakinipigia honi, naye akawa mwepesi kiasi kwamba nilitamani awe mzito.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Walimwekea hewa puani. Kisha akanitoa hadi koridoni.

"Amekaa kwenye baridi."

"Haiwezekani."

"Siku kadhaa. Tano, sita. Mwili unaonyesha."

"Daktari, humo ndani kuna hita ya wati elfu mbili. Nimeichagua mwenyewe. Labda vipimo vyenu..."

"Mwalimu," alisema kwa ile sauti yake ya chini, "mimi sibishani na wewe. Nakuambia nilichosikia kwenye mapafu."

Saa sita mchana Mama aliweza kuzungumza, maneno matatu matatu. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwuliza kama hita imeharibika.

"Haijaharibika. Nilikuwa naizima."

"Unaizima?"

"Ukitoka. Naiogopa. Inanuka."

Nikasema ni samaki wa Mshonaji ndiye aliyekuwa ananuka. Mama alifumba macho, akavuta ile hewa ya bomba, akafumbua.

"Samaki yuko ukutani, mwanangu. Nyuma ya mto wangu. Nikizima anaondoka. Ukiwasha anarudi."

Mhudumu alipita na ndoo. Nilisubiri apite, sijui kwa nini.

"Lakini siku zote hizo, asubuhi nzima bila hita, mbona hukuugua?"

"Nilikuwa nakwenda kwake. Ana pasi, ana jiko, kuna joto. Namshikia vitambaa, yeye anashona. Ukikaribia kurudi ananirudisha." Akapumzika. "Ulipomfukuza nikabaki mle ndani na koti."

Siku sita. Tangu Jumanne ile ya kwanza ya Julai. Nilizihesabu kwenye vidole kama mtoto.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama bila hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, hasira naijibu.

"Nilikuambia. Mara tatu. Ukanishinda."

Jumanne, 8 Julai

Fundi amekuja. Alikata umeme nguzoni, akafungua soketi, akabandua ubao wa ukuta kwa bisibisi.

Nyuma yake ubao ulikuwa mweusi duara zima, ukubwa wa sahani ya kulia, na katikati ya duara kulikuwa na tundu ambalo lilikuwa limeshaanza kujila lenyewe kuelekea juu. Waya ulikuwa umevuliwa ngozi yake. Upande wa pili wa ubao huo, kimo kilekile, ndipo anapolaza kichwa Mama.

Fundi alinipa kile kifuniko cha manjano. "Nusa."

Nikanusa. Samaki aliyelala.

"Plastiki ya hizi ikiungua polepole ndivyo inavyonuka," akasema. "Kila fundi anajua."

"Siku ile hukusema kuhusu harufu."

"Siku ile haikuwepo." Alianza kukunja waya ulioungua. "Na siku ile nilisema ya kutosha, Mwalimu. Watu wakapiga makofi."

Nimefungua shajara hii nyuma nikasoma. Tarehe 6. Tarehe 19. Tarehe 22. Yote nimeyaandika kwa mkono wangu, na nimeyajibu yote, na majibu yangu ni mazuri.

Jumapili, 13 Julai

Nilimwomba msimamizi aite mkutano tena. Viti vilevile. Nikasimama nikasema kila kitu: soketi, ubao mweusi, samaki asiyekuwepo. Nikasema nimemdhulumu mwanamke asiye na hatia, na nikaomba arudishwe mahali pake.

Walisikiliza wametulia. Nilipomaliza wakapiga makofi.

"Mwalimu una moyo," alisema yule aliyenisimamisha bombani, wa mwisho wa uwanja. "Mtu mwingine asingemtetea. Lakini harufu tuliisikia wote."

"Hamkuisikia. Ilikuwa ukutani kwangu. Ninyi mliisoma kwenye notisi."

"Sawa, sawa," akasema, akinipigapiga bega. "Unyenyekevu nao ni kitu kizuri."

Nilijaribu tena. Nilitoa kile kifuniko mfukoni. Kilizungushwa mkono kwa mkono, na mwanamke mmoja akanusa akasema hata yeye anasikia samaki, lazima yule mshonaji aliwahi kukishika.

Mikono: saba kwa nne. Abaki mtaroni. Nimeshindwa kura na hotuba yangu mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Nimeshuka mpaka mtaroni. Turubai limefungwa nusu, cherehani kimefunikwa, na hakuna gari hata moja la mteja. Kwenye tope kuna mahali pamoja tu gurudumu lilipojaribu kufika likageuka. Alikuwa anakunja vitambaa na kuvitia kwenye gunia.

"Bibi anaendeleaje?"

"Anatoka kesho. Wanasema mapafu yamepungua nguvu. Wanasema baridi ikimpata tena..." Nilitazama lile gunia. "Nimekuja kukuomba msamaha, dada. Na kukuomba uwe unamtupia jicho asubuhi. Nitahamisha gari langu nije huku chini."

Alikunja kitambaa kingine, pembe kwa pembe.

"Naondoka Ijumaa, Mwalimu. Huku hakuna kazi." Kisha, bila kunitazama: "Uliandika vizuri. Hata mimi nilipoisoma ile notisi nilikwenda ndani kunusa sufuria zangu."

Alhamisi, 17 Julai

Mama amerudi. Fundi ameweka soketi mpya na waya mnene kutoka nguzoni, na hita ndogo ya mafuta yenye mbavu. Haivumi. Haina harufu. Lazima uiamini tu.

Redioni wamesema baridi itaendelea wiki nne, pengine tano. Gari jeupe linaondoka kesho.

Nimeacha kazi za asubuhi. Nimekaa kwenye kiti mkabala naye, naye amekaa na shali lake mbele ya zile mbavu. Nikamwuliza, "Mama, unasikia baridi?"

Alinitazama usoni kwa makini, kama mtu anayetafuta jibu lililo sahihi.

"Wewe unaonaje, mwanangu?"

"Nakuuliza wewe. Joto linakutosha?"

"Haya," akasema. "Linatosha."

Nikapiga magoti nikamvua soksi, nikamshika miguu. Ilikuwa baridi kama bati.